Kupunguza Sukari katika Chakula cha Kila Siku: Mwongozo kwa Nyumba za Lamu

Sehemu kubwa ya sukari ya nyumba zetu za Lamu huingia mwilini kwa kunywewa. Imo katika birika la chai ya asubuhi, katika jagi la juisi ya mchana, na katika kikombe cha alasiri ambacho mgeni huletewa kabla hajamaliza kujibu salamu. Hutiwa na mtu mmoja jikoni kwa ajili ya watu wote, na kwa hiyo wanaoinywa hawajui wamekunywa kiasi gani. Sinia la halwa la harusini linaonekana na kila mtu, na ndilo linalolaumiwa, ilhali halwa huliwa kwa vipindi na chai hunywewa kila siku, tena zaidi ya mara moja. Anayetaka kupunguza sukari bila kuivuruga nyumba yake aanze na birika na jagi, na mambo ya karamu ayaache kwanza.

Sababu ya kujisumbua ni nzito. Sukari ikizidi huozesha meno na huongeza uzito, na uzito uliozidi, hasa wa tumboni, ni mojawapo ya njia kuu za kuelekea kisukari cha aina ya pili. Urithi na ukosefu wa mazoezi navyo vina sehemu yao, na mtu mwembamba pia anaweza kuugua; lakini sukari ya vinywaji ndiyo iliyo rahisi zaidi kuipunguza, kwa kuwa haimshibishi mtu, na kuiondoa hakumwachi na njaa. Barazani tunawajua wazee waliokatwa kidole au mguu kwa maradhi haya, na wengine waliopoteza nuru ya macho. Si jambo la kulichukulia kuwa mtindo wa vijana.

Jua kipimo kabla ya kupunguza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa chakulani, pamoja na ile ya asali, shira na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu huipata kwa siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 faida huenda ikawa kubwa zaidi. Kwa mtu mzima anayetumia kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, na asilimia 5 ni gramu 25. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi, kwa hiyo tunazungumzia vijiko 12 kwa kiwango cha juu na vijiko sita kwa kiwango kilicho bora. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo katika hesabu hiyo, wala ile ya asili ya maziwa.

Hesabu ya nyumba haihitaji mizani. Siku unapofungua paketi ya kilo moja, andika tarehe juu yake kwa kalamu; inapokwisha, hesabu siku zilizopita, uzizidishe kwa idadi ya watu wanaokula hapo nyumbani, kisha ugawe gramu 1,000 kwa jibu ulilopata. Nyumba ya watu watano inayomaliza kilo kwa siku tatu inampa kila mmoja gramu 67 kwa siku, yaani zaidi ya vijiko 16, na hapo soda, biskuti na kaimati za kununua hazijaguswa. Nyumba hiyohiyo ikifikisha siku nne kwa kilo, kila mmoja yuko kwenye gramu 50. Ikifikisha siku nane, yuko kwenye gramu 25. Nashauri paketi mbili za mwanzo zipimwe bila kubadilisha chochote, ili watu wa nyumba wajue walipo. Wiki yenye wageni wengi au yenye hitima isitumiwe kupimia.

Kijiko nacho kipimwe. Chota sukari kama unavyochota siku zote, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko na utazame kinachoanguka kwenye sahani. Kijiko kilichorundikwa huweza kubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa, na ndiyo maana mtu huapa kwa dhati kwamba anatia viwili tu, na paketi ikasema vingine.

Sukari itoke sufuriani

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na anayeweza kufanya moja tu katika mwongozo huu afanye hii. Chai ya maziwa katika nyumba nyingi hupikwa na sukari yake ndani ya sufuria, kisha ikamiminwa kwenye birika au chupa ya chai. Mtoto wa miaka minne, kijana aliyetoka kupakua mzigo gatini, na bibi aliyeambiwa na daktari apunguze, wote hunywa utamu mmoja. Pika chai bila sukari, uweke bakuli la sukari lenye kifuniko kwenye sinia pamoja na kijiko kidogo, na kila mtu atie kikombeni mwake, kwa macho yake.

Watakaokuwa wagumu mwanzoni ni wakubwa wa nyumba, na wanastahili kuelezwa kwa heshima kabla ya siku yenyewe, wasije wakaonja chai isiyo na sukari wakadhani wamesahauliwa. Kwa mgeni, wasiwasi wa mwenyeji ni kuonekana bahili. Njia iliyo nzuri ni kumletea sinia na kumwambia, "Mjomba, sukari hii hapa, tia upendavyo." Ukarimu haujapungua hata kidogo, kwani amepewa sukari yote na hiari ya kuitumia. Tena wako wageni waliokatazwa sukari na daktari ambao huona haya kuikataa chai iliyokwisha kutiwa, wakainywa kwa kustahi mwenyeji. Hao bakuli huwafaa sana.

Baada ya hapo kila mmoja apunguze nusu kijiko na akae hapo wiki mbili kabla ya kupunguza nusu nyingine. Anayetia vitatu atafika kimoja kwa muda wa miezi miwili hivi. Ulimi huzoea utamu mdogo kama ulivyozoea mkubwa, ila unahitaji muda, na anayekata yote kwa siku moja mara nyingi hurudia yote kwa siku moja. Kwa mnywaji wa vikombe vitatu kwa siku, kutoka vijiko vitatu hadi kimoja ni vijiko sita vilivyookolewa, gramu 24 kila siku, bila kukosa kikombe hata kimoja.

Chai yenyewe nayo ipikwe kwa namna isiyodai sukari. Majani mengi yaliyochemshwa kwa muda mrefu hutoa ukakasi, na ukakasi huo ndio watu wanaoufunika kwa vijiko. Punguza majani, uyatie mwishoni, na uepue mara rangi inapotoka. Tangawizi mbichi iliyopondwa ianze na maji matupu, ichemke barabara, ndipo maziwa yatiwe, kwa kuwa tangawizi ambayo haijachemka hukata maziwa. Iliki ipasuliwe wakati huohuo inapotumiwa; iliyosagwa mwezi uliopita imebaki jina. Kijiti cha mdalasini hukifanya kikombe kionekane kitamu kuliko kilivyo, kwa sababu harufu yake ulimi umeizoea pamoja na vitu vitamu. Maziwa mazito kidogo nayo husaidia, kwani yana utamu wake wa asili.

Kwa anayesema kwamba watu wa pwani hawawezi kinywaji kisicho na sukari, jibu liko katika kahawa ya dele. Kahawa hiyo hunywewa chungu, kwa kikombe kidogo, na utamu huwa mkononi: tende moja au kipande cha kashata, kidogo, kinachoonekana na kinachokwisha. Nauona mpango huo kuwa bora kuliko wowote uliobuniwa na wataalamu wa lishe, na unafaa kuhamishiwa kwenye chai ya alasiri. Chai iwe bila sukari au iliyotiwa kidogo, na kando yake kitu kimoja kitamu. Kinachodhuru ni viwili kwa pamoja, chai ya vijiko vitatu na kaimati zilizozama kwenye shira.

Jagi la juisi

Wakati wa kaskazi, joto linapokaza na maembe yamejaa sokoni, jagi halikauki. Hapa hesabu inashtua. Mpishi anayetia kikombe kimoja cha sukari, gramu 200 hivi, katika jagi la lita mbili la juisi ya ukwaju, na jagi hilo likatoa glasi nane, ameweka gramu 25 katika kila glasi. Glasi moja imemaliza kiwango bora cha siku nzima. Anayeongeza ya pili baada ya chakula amefika kikomo cha juu, na bado hajanywa chai.

Ukwaju, ndimu na pasheni ni vikali, na ukali ndio unaovuta sukari. Dawa yake ni kuzimua. Tumia ukwaju kidogo kuliko ulivyozoea kwa maji yaleyale, na mahitaji ya sukari yatashuka yenyewe. Tia chembe ya chumvi, ambayo hupunguza makali na kuufanya utamu uliopo usikike zaidi. Changanya kikali na kitamu: pasheni na embe bivu, ndimu na nanasi, ukwaju na ndizi mbivu iliyosagwa. Anza na nusu kikombe cha sukari badala ya kikombe kizima, uonje ikiwa imekwisha kupoa, na baada ya majagi kadhaa ushuke hadi robo. Embe lililoiva vizuri halihitaji sukari yoyote, na kulitia ni kuliharibu. Lakini ni afadhali embe hilo liliwe kwa kisu na mkono kuliko kusagwa, kwani mtu anayekula embe moja huridhika, ilhali glasi moja inaweza kubeba maembe mawili na asihisi kitu.

Juisi za kopo na zile za kuchanganya na maji zihesabiwe pamoja na soda. Soda ya kola ina takriban gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ni karibu vijiko vinane, na ya nusu lita ni karibu vijiko 13. Soda ikibaki kuwa kitu cha siku ya furaha, sina neno nayo. Ikiwa ya kila siku pamoja na chakula cha mchana, ndiyo ya kwanza kuondoka. Badala yake kuna maji baridi yenye vipande vya ndimu au majani ya mchaichai yaliyochemshwa na kupozwa. Kuna madafu pia, ambayo yana sukari ya asili lakini kwa kawaida haifiki nusu ya ile ya soda kwa kiasi kilekile. Maji ya miwa yasihesabiwe kuwa dawa: hayajaongezwa kitu, lakini ni sukari kutoka mwanzo hadi mwisho.

Vitafunio vya jikoni

Mahamri yanalaumiwa kupita kiasi. Katika vikombe vinne vya unga wengi hutia kati ya nusu kikombe na robo tatu ya sukari. Tukichukua gramu 120 zikagawanywa kwa mahamri 24, kila hamri lina gramu 5, kijiko kimoja na kidogo. Mahamri mawili na kikombe cha chai ya vijiko vitatu yana vijiko vitano na nusu, na zaidi ya nusu yake imetoka kikombeni. Hata hivyo theluthi ya sukari ya mahamri inaweza kuondoka bila mtu kuuliza, na unga hufaidika. Hamira inahitaji sukari kidogo tu ili iamke; ikizidi, huchelewesha kuumuka. Vilevile sukari nyingi hulifanya hamri liwe jeusi karaini kabla ya ndani kuiva. Kandia kwa tui zito la kwanza na iliki mpya, na utamu utajitosheleza. Yakiliwa na mbaazi za nazi, ambazo hazina sukari na zina nyuzinyuzi na protini, mtu hushiba mapema na hafikii hamri la nne.

Mkate wa sinia unakubali kupunguzwa robo, kisha robo nyingine baadaye. Uokwe mara tu unapoumuka, usiachwe ukachachuka, kwani uchachu huo ndio utakaomtuma mpishi kwenye paketi ya sukari.

Kaimati ni jambo la peke yake. Unga wake hauna sukari ya kutajika. Sukari yote imo katika shira, ambayo hupikwa kwa vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji. Pika nusu ya shira. Iache iwe nzito hadi inavutika kwa vidole, uitie iliki, zafarani na matone ya ndimu, kisha uimimine juu ya kaimati zilizo kwenye bakuli pana, ukizipindua haraka kwa mwiko hadi kila moja ishike ngozi nyembamba inayong'aa. Shira nzito hugandia nje. Ile nyepesi huzama ndani, na kaimati zinazolala ndani yake usiku kucha hunywa mpaka zinalegea. Kwa namna hii kaimati hubaki na ukakamavu wake wa nje, na wengi huzipenda zaidi hivyo.

Visheti, kashata na labania sioni namna ya kuvipunguzia sukari vikabaki kuwa vyenyewe. Vipikwe vidogo, viliwe kwa siku yake.

Mwezi wa Ramadhani na siku za sherehe

Ramadhani hubadilisha kila kitu, kwa sababu sukari ya siku nzima huingia katika muda wa saa chache: uji mtamu, juisi, tambi za sukari, kaimati, na chai baada ya tarawehe. Panga futari iwe na kitu kitamu kimoja kwa siku, tambi leo, kaimati kesho, visiwe vyote mezani kila magharibi. Mfungo ufunguliwe kwa tende na maji, kama ilivyo sunna. Tende tatu ndogo zina gramu 15 hivi za sukari pamoja na nyuzinyuzi zake, na zile kubwa za Medjool huweza kuwa na gramu 16 kila moja, kwa hiyo katika hizo moja inatosha. Aliyekwisha kula tende hahitaji uji wenye sukari. Uji wa ngano kwa nyama au supu ya samaki humfaa zaidi. Muhogo wa nazi na ndizi mbichi za nazi havina sukari ya kuongezwa, ingawa wanga wake hugeuka kuwa glukosi mwilini, jambo ambalo mwenye kisukari ni lazima alikumbuke. Tambi zikipikwa kwa tui, iliki na zabibu kavu, nusu ya sukari ya kawaida hutosha.

Kwa siku za harusi, Idi na Maulidi ya mfungo sita sina sharti lolote kwa mtu mwenye afya. Aliyepunguza birika lake miezi kumi na mmoja hadhuriki na kipande cha halwa, na kumkatalia mwenyeji wake kunaleta uchungu usio na faida.

Dukani, na yanayodhaniwa kuwa salama

Lebo nyingi za bidhaa za dukani zimeandikwa kwa Kiingereza. Tafuta mstari wa sugars ulio chini ya wanga, uchukue idadi ya gramu, uigawe kwa nne, na jibu ni vijiko vya chai. Angalia kama idadi hiyo ni ya gramu 100 au ya kiasi cha kuliwa mara moja, maana hapo ndipo watu hudanganyika. Katika orodha ya viungo, majina mengi yanayoishia kwa -ose ni ya jamii ya sukari. Yogati za ladha, nafaka za asubuhi za watoto na sosi ya nyanya huficha sukari kuliko mtu anavyodhani.

Asali na sukari guru zina ladha nzuri na hutosha kwa kiasi kidogo, lakini mwili huzipokea kama sukari. Kuhusu vitia utamu visivyo sukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 visitegemewe kwa kudhibiti uzito, ushauri ambao haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mimi naona ubaya wake wa kawaida ni kwamba vinauacha ulimi palepale ulipokuwa.

Watoto

Mtoto aliye chini ya miaka miwili asitiliwe sukari katika uji wala maziwa, na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu. Uji wake utiwe tui, au ndizi mbivu iliyopondwa. Kwa wakubwa kidogo, mabuyu yenye rangi, barafu za maji ya sukari na peremende zinazouzwa karibu na shule na madrasa huharibu meno zaidi kwa jinsi zinavyomung'unywa kwa muda mrefu na mara nyingi. Ni afadhali kitu kitamu kiliwe mara moja, baada ya chakula, kisha mdomo usukutuliwe kwa maji. Wakishapiga mswaki usiku kwa dawa yenye floraidi, kisiingie mdomoni kitu kingine isipokuwa maji. Kunazi, mapera na zambarau za msimu zirudi kwenye mifuko yao.

Aliye kwenye dawa za kisukari

Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamidi, asipunguze sukari na wanga kwa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari au muuguzi wake, kwa kuwa dozi yake ilipangwa kwa chakula alichokuwa akila. Vilevile asifunge Ramadhani bila ushauri huo. Dawa zikizidi chakula, sukari ya damu hushuka mno: mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, na husema maneno yasiyopangika. Hapo sukari ndiyo dawa. Apewe mara moja vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, apimwe au aangaliwe tena baada ya dakika 15, arudishiwe hivyohivyo ikiwa hajatengemaa, na akipata nafuu ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Watu wa nyumba wote wajue dalili hizi, na mwenyewe anaposafiri kwa boti kwenda Faza au Kizingitini awe na kifuko cha sukari na chupa ya maji mfukoni mwake mwenyewe, si katika mzigo uliofungwa chini ya turubai.